Tarumbeta Ndani ya Kabati

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi Kifungo,

Mimi mzima, nyumba nzima, cherehani nayo nzima ila mkanda wake unateleza. Wasiwasi wangu uko kwako. Unakula? Usinijibu "nakula mama" kama kawaida yako. Niambie umekula nini.

Sasa kaa chini nikupe habari. Juzi alikuja Bwana Stoo wa kiwanda cha sabuni. Nilidhani amekuja kunipa pole kwa kuwa mwaka wa baba yako umetimia, nikamwekea kiti kile kizuri. Akakaa, akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Mwishowe akasema, "Mama, samahani sana. Lile tarumbeta ni mali ya bendi ya kiwanda. Marehemu alikabidhiwa tu."

Mwanangu, mimi siku zote nilijua tarumbeta ni la baba yako kama meno yake yalivyokuwa yake. Nani anakuja kudai meno ya marehemu? Nikamwambia haliondoki humu ndani. Akasema, kwa upole, maana si mtu mbaya, "Mama, chombo cha bendi hukaa kwa mpigaji. Nyumba hii ina mpigaji?"

Mdomo wangu huu unaujua. Nikasema, "Yupo."

"Nani?"

"Mimi."

Alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi amelala kitandani. Kisha akasema haya, mwezi wa sita bendi itapima wapigaji wapya, mama uje. Ukipiga wimbo mmoja mwanzo mpaka mwisho tutazungumza. Ukishindwa, nalichukua siku hiyohiyo.

Alipotoka nililifungua sanduku, nikalipuliza. Halikutoa kitu, upepo tu. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote, likatoa sauti kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Mama Pacha wa ukuta wa pili akagonga, "Jirani! Umeanguka?" Nikasema, "Nimehamisha meza." Sasa ili nisiwasumbue watu nafungua kabati letu, naingiza kichwa na tarumbeta katikati ya makoti ya baba yako, napulizia humo. Sauti inamezwa na makoti. Harufu yake bado imo, usinicheke.

Usimwambie mkwe wangu, ataona amejiunga na ukoo wa wendawazimu. Msalimie sana. Na usidhani mama yako ni mpweke, nyumba hii watu hawaishi kuingia na kutoka.

Mimi mama yako.


Tarehe 22 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma hapa hapa mapokezi, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kazi yangu ni ile ile: kaa hapo, subiri, utaitwa. Kliniki ya macho watu husubiri sana.

Mama, lirudishe tarumbeta. Nakuomba. Kwa umri wako utajiumiza kifua, na watu watacheka. Baba alianza akiwa kijana mdogo. Wewe kwenye nyimbo za shule ulikuwa unafungua mdomo tu bila kutoa sauti, uliniambia mwenyewe. Chukua picha yake, itundike sebuleni, inatosha.

Naomba pia unisamehe kwamba sikuja siku ya kumbukumbu ya baba. Ruhusa ilikataliwa. Na mwezi wa nne naona bado haitawezekana. Mkweo anakusalimu. Siku hizi anatoka mapema na kurudi kwa kuchelewa, hatuonani sana.

Jana nimekula wali na maharage. Umeridhika?

Wako,
Kifungo


Tarehe 11 Machi

Kifungo wangu,

Wali na maharage, vyema. Nani alipika? Haya, sikuulizi.

Umesema nilirudishe. Nimekusikia. Silirudishi. Mwanangu, wewe hukai humu. Baba yako alipokuwa hai kila jioni alikuwa akijifungia chumbani na tarumbeta, mimi nikiwa sebuleni na cherehani. Yeye huko, mimi huku, ukuta katikati, na wala hatukuwa tukizungumza. Nilikuwa nalalamika, hujui tu! "Kelele hizo zitanikatia uzi!" Sasa uzi haukatiki, na mimi nakaa nasubiri ukatike.

Kwa hiyo nimejitafutia mwalimu. Unamkumbuka shemeji Mashavu, rafiki wa baba yako wa kwenye bendi, yule ambaye mashavu yake yalikuwa yakijaa kama maandazi? Amestaafu. Ameweka meno ya bandia, na anasema tarumbeta na meno ya bandia ni kama ndoa ya pili, kila kitu kinacheza. Kwa hiyo yeye hapigi, ananielekeza tu kwa mdomo. Siku ya kwanza hata hakunipa tarumbeta. Alinipa kile kidude cha mbele kinachowekwa mdomoni, akasema, "Shemeji, tema uzi."

"Uzi gani?"

"Ule unaoutema ukishaukata kwa meno. Fanya midomo hivyo hivyo."

Nikafanya. Kikalia vizuri mara moja! Shemeji akaruka kwenye kiti. Akasema wanaume wazima humaliza mwezi mzima kuipata hiyo. Nikajiona msomi. Lakini kuanzia hapo, mwanangu, ni taabu tupu. Midomo imevimba. Mashavu yanauma. Vile vitufe vitatu vidole vyangu havivipati; vimezoea kusukuma kitambaa mbele, sasa vinaambiwa vikae mahali pamoja vicheze. Shemeji ananipigisha sauti moja ndefu tu mpaka pumzi iishe, kisha tena. Wimbo hapana. Anasema wimbo ni baadaye.

Mama Pacha amegundua. Sikuwa na haja ya kumwambia, maana wale pacha wake wanatembea barabarani wakiniigiza kwa mabati. Akanishika kwenye bomba la maji, "Jirani, meza yako hiyo unaihamisha kila siku unaipeleka wapi?" Tukacheka mpaka ndoo ikajaa ikamwagika.

Nimekutumia kifurushi. Ni shati la mkwe wangu, kitambaa kile cha buluu nilichokuwa nimekiweka. Nilikata kwa vipimo vya siku ya harusi, kama amenenepa utaniambia. Nilishona huku nikifanya sauti ndefu mdomoni, kwa hiyo kama lina kasoro, lawama ni ya Mashavu.

Wageni ni wengi humu, hata sijui nitamalizia hapa au la.

Mama yako.


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Shati limefika. Mkweo amefurahi kupita kiasi. Limemkaa vizuri sana, kama ulimpima jana. Amelivaa kazini na watu wakamuuliza fundi ni nani. Anasema asante mama.

Haya, nimekubali kushindwa. Jana kwenye mapokezi niliifikiria hiyo "tema uzi" nikacheka peke yangu, bibi mmoja mwenye bandeji jichoni akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mama yangu anajifunza tarumbeta. Akasema, "Mimi ningejifunza ngoma, niwakomeshe wakwe zangu."

Umenikumbusha vitu vingi. Unajua Jumamosi baba alikuwa akinichukua kiwandani, mimi namshikia kofia. Wewe ulikuwa na nguo za watu za kumalizia, hukuwa ukija. Zamu ikifungwa bendi ilikuwa inasimama langoni na kupiga ule wimbo wa kufunga zamu, wafanyakazi wanatoka wakinawa mikono kwa hewa, kwa mchezo tu, kwa sababu ya sabuni. Nilikuwa naujua wote kwa mluzi. Baba alisema msichana anayepiga mluzi hivyo hapotei njia.

Kama unataka kweli kupiga kitu, piga huo. Azima redio, nirekodie kwenye kaseti. Ningependa kuusikia.

Kifungo


Tarehe 23 Aprili

Kifungo changu,

Kaseti hiyo, imo humu, nimeifunga kwa kitambaa isivunjike. Redio ni ya Mama Pacha.

Umetaka wimbo wa kufunga zamu, na mimi ndio huo huo niliokuwa nikiufanya kabatini kwa siri, hata shemeji Mashavu hajausikia. Nilitaka kumshangaza. Sikuhitaji mtu wa kunifundisha. Huo baba yako aliupiga chumbani kila Ijumaa jioni, kila Ijumaa mwanangu, maisha yetu yote. Hata ningeamshwa usingizini ningekuimbia. Nimeupiga kama yeye, hatua kwa hatua. Anapogonga mguu, nimegonga mguu. Anaponyamaza, nimenyamaza. Kuna mahali nimekosea, utasikia nimesema "loo", usijali, endelea kusikiliza. Mwisho ule kengele ya baiskeli ni ya mtu barabarani, si mimi.

Nimelia nilipomaliza, lakini hilo halimo kwenye kaseti, nilikuwa nimekwisha kuizima.

Nakuuliza kitu kidogo. Lile shati la mkwe wangu, mkono wa kushoto umemkaaje? Haumbani begani? Nauliza tu kama fundi.

Mwezi wa sita unakuja mbio. Bwana Stoo nikikutana naye barabarani ananiuliza, "Mpigaji hajambo?" namjibu, "Mpigaji ni simba." Nikifika nyumbani naingia kabatini moja kwa moja. Wakilichukua, chumba kile kitabaki na kabati tu.

Mama yako.


Tarehe 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, kazi nyingi.

Mkono wa kushoto umemkaa vizuri, na wa kulia pia.

Kuhusu kaseti, nitasema ukweli kwa sababu unakwenda kupimwa mbele ya watu. Mama, huu si ule wimbo. Niliuweka mara nyingi. Unaanza kwa kugonga mguu bila kupiga kitu, kisha sauti mbili, kisha kimya. Nikadhani kaseti imekwama, nikaitoa nikaipuliza vumbi. Kisha sauti nyingine, chini chini, kimya tena. Hakuna mahali hata pamoja nilipoweza kusema, hapa ndipo baba. Nilikuwa nimekaa peke yangu kitandani nikiusubiri uanze, na ukaisha.

Labda umesahau. Si kosa lako, muda umepita. Lakini usiende kuupiga huo kwenye bendi, watakucheka na mimi sitakuwepo. Mpe Bwana Stoo tarumbeta kwa heshima kabla ya siku yenyewe.

Kifungo


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya cherehani. Nikashona. Nikaitoa, nikaisoma tena, nikidhani labda sikuzisoma herufi vizuri. Nilizisoma vizuri.

Siku hiyo nililala bila kula, ngoja niseme wazi. Si kwa sababu ya kupimwa. Nilijiambia, ikiwa hata wimbo wa mume wangu nimeusahau, basi nimebaki na nini? Nikaenda kwa shemeji Mashavu na tarumbeta kwapani. Nikamwambia, "Sikiliza, kisha uniambie ukweli kama ndugu." Nikapiga. Mguu, sauti mbili, kimya, na kuendelea. Nilipofika mwisho sikuthubutu kumtazama.

Alikuwa ametoa meno yake ameyashika mkononi. Sijui kwa nini, nadhani yalikuwa yakigongana. Akasema, "Shemeji, umeyatoa wapi haya?"

"Chumbani kwangu. Ndiyo aliyokuwa akipiga."

"Ndiyo aliyokuwa akipiga," akasema. "Hii ni sauti ya pili. Marehemu alikuwa tarumbeta la pili. Wa kwanza nilikuwa mimi."

Mwanangu, mimi nilikuwa nawaambia wanawake wote wa bombani kwamba mume wangu ndiye anayeongoza bendi! Miaka yote hiyo! Na yeye alikuwa akinisikia, akitabasamu tu, akipangusa tarumbeta lake. Shemeji akanieleza. Wa kwanza ndiye anayebeba wimbo, ule mnaoujua nyinyi, wa mluzi. Wa pili hupita chini yake. Wa kwanza akipaa, wa pili hunyamaza ampishe. Wa kwanza akikata pumzi, wa pili hushika hapo hapo ili pasibaki tundu. Akisikika peke yake hana maana. Asipokuwepo, wimbo unakuwa mwembamba, na watu hawajui kwa nini.

Nikamwambia, basi ni bitana. Koti bila bitana ndani yake linavaliwa, lakini halikai begani. Akasema, "Eeh, ndiyo hiyo."

Kwa hiyo hukukosea, na mimi sikusahau. Wewe ulisimama langoni ukasikia bendi nzima, mimi nilikaa nyuma ya ukuta nikasikia nusu, kila mtu akaondoka na kipande chake. Nimefurahi na nimeumia kwa pamoja. Nimemjua mume wangu leo akiwa hayupo.

Sasa jambo la pili, na hili naliandika polepole.

Shati lile lilikuwa halijaisha. Nililifunga nikiwa na haraka ya kwenda kwa Mashavu. Wiki iliyofuata nikakuta pini zangu zimepungua, nikawaza, nikakumbuka: mkono wa kushoto nilikuwa nimeushikiza kwa pini tu, bado kushona. Mtu hawezi kulivaa lile akaenda nalo kazini. Angechomwa kwapani kabla hajafunga kifungo cha kwanza. Nikasubiri uniambie. Nikakuuliza. Ukasema umemkaa vizuri.

Na katika barua yako ya mwisho hukuniletea salamu zake, na umesema ulikaa peke yako kitandani.

Sikuulizi kitu. Mimi pia nimekudanganya. Nilisema watu hawaishi kuingia na kutoka. Wanaoingia ni wateja, wanapimwa, wanatoka. Jioni nikifunga mlango sisemi neno na mtu mpaka asubuhi, labda nimsemeshe cherehani. Ndiyo maana nalitaka tarumbeta. Si kwa muziki. Nataka humu ndani kitu kipumue.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao ndiyo siku ya kupimwa. Nitapiga sauti ya pili, nyingine sina. Niombee.

Mama yako.


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Hujanijibu. Kila posta inapofunguliwa nipo mlangoni, yule wa dirishani siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Huenda nimekuudhi. Huenda barua imepotea. Naandika hii fupi.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la kijani na viatu vile vya kubana. Wapigaji wengine walikuwa vijana wa kiwandani, wanapuliza nyimbo za kupasua masikio, watu wanapiga makofi. Nikaitwa, "Mjane wa marehemu wa tarumbeta." Nikasimama. Nikagonga mguu. Nikapiga. Nilipofika kwenye kimya cha kwanza mtu nyuma akacheka, akasema kwa sauti, "Mama amesahau!" Kiongozi wa bendi akainua mkono bila kugeuka, yule mtu akakoma. Nikaendelea. Kimya cha pili hakucheka mtu. Nilimaliza bila kusema "loo" hata mara moja.

Kiongozi ni mgeni, hakumjua baba yako sana. Akawauliza wazee wa bendi, "Hii ndiyo inayopungua kwenye wimbo wa zamu?" Wakasema ndiyo. Akasema, "Mwaka mzima nilidhani tatizo ni ukumbi wa mazoezi."

Basi nikajua nimeshinda. Lakini akasema, mama, pumzi unayo, sikio unalo, ila bendi ni ya wafanyakazi wa kiwanda, na wewe si mfanyakazi. Kanuni ndivyo ilivyo. Nikamgeukia Bwana Stoo. Alikuwa akitazama viatu vyake. Alinifuata nje akaniambia, "Mama, nilijua. Niliona aibu kulichukua siku ile. Nilidhani utachoka mwenyewe, uniletee." Ningemkasirikia, lakini alikuwa karibu kulia, ikabidi nimbembeleze mimi.

Tarumbeta amepewa dada mmoja wa kitengo cha kufungasha sabuni. Mikono yake mizuri, haina haraka. Sauti ya pili haikuandikwa popote, kiongozi ameniomba niende kila Jumamosi nimfundishe huyo dada. Nimesema nitafikiri. Sijui kama nitaweza kulitazama kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Nimebaki na kile kitambaa baba yako alichokuwa akilipangusia. Kabati nimelifunga.

Ukiona kimya changu, mimi mzima. Kula.

Mama yako.


Tarehe 18 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ndefu niliipata siku nyingi zilizopita, nikawa naanza kujibu nachana.

Ameondoka tangu mwezi wa kwanza. Hakuna ugomvi wa kusimulia. Alisema anahitaji nafasi, akachukua begi na pasi ya nguo. Pasi, mama! Nilikaa nikiifikiria ile pasi kuliko nilivyomfikiria yeye. Sikuja kwenye kumbukumbu ya baba kwa sababu mngeniuliza mkwe yuko wapi, na ningesema mbele ya watu wote. Ruhusa hawakunikatalia. Sikuiomba. Kila nilipokuandikia "mkweo anakusalimu" ilikuwa kama bado kuna mtu chumba cha pili.

Shati lako sikuwahi hata kulikunjua. Lilikaa kwenye karatasi yake juu ya kabati. Uliponiandikia habari ya pini nilipanda kwenye kiti, nikalishusha, nikalivaa mwenyewe. Pini ikanichoma pale pale ulipoandika, kwapani, na mkono wote ukaning'inia. Nikasimama mbele ya kioo na mkono mmoja wa shati ukining'inia nikacheka, kisha sikuwa nacheka tena. Nililala nalo.

Halafu nikaiweka kaseti yako tena. Safari hii nilipoisikia miguu yako nikaanza kupiga mluzi juu yake, ule wa langoni. Mama! Unaingia. Kila mahali unaponyamaza ndipo ninapopanda, na ninapoishiwa pumzi uko hapo. Nikakumbuka kwamba langoni nilikuwa nimesimama upande wa baba, karibu na tumbo lake, na hiyo sauti ya chini nilikuwa naisikia kwa mwili, si kwa masikio. Ndiyo sababu sikuitambua.

Nimekurekodia mluzi wangu peke yake. Kaseti hiyo humu. Weka redio, piga tarumbeta pamoja nami, ufanye mazoezi ya siku ya kupimwa. Sijui kama siku yenyewe imepita, nimechelewa kwa kila kitu mwaka huu. Ukinisikia nimevuta makamasi katikati, ni mafua.

Nimeomba likizo. Sasa nimeiomba kweli. Sijui kama nitaweza kupita barabara yetu na begi moja, watu wakitazama.

Mkono wa shati nitaushona mwenyewe kwa sindano.

Wako,
Kifungo


Tarehe 5 Julai

Kifungo changu mimi,

Kwanza pasi. Mwanamume anayeondoka na pasi atakunjamana tu mbele ya safari. Nimekwisha kulisema, sitalisema tena, na yeye simsemi. Pole, mwanangu. Pole, pole, pole.

Kaseti yako imefika tarumbeta likiwa limeshaondoka. Barua zetu zimepishana njiani. Nilikaa nayo mkononi nikajiuliza nifanye nini. Nikaenda kuazima redio. Nikafungua kabati, nikaiweka redio humo katikati ya makoti, nikaiwasha, nikaingiza kichwa. Ukaanza kupiga mluzi. Mimi nikagonga mguu, na kwa kuwa sina cha kupuliza, nikaimba kwa mdomo, tuu, tuu, kimya. Sauti ile ile ya chini. Pale ninaponyamaza ndipo unapopita wewe! Miaka yote nilikuwa nikidhani baba yako ananyamaza ili apumzike.

Tuliumaliza wote. Makamasi yako yamo. Nikaurudisha, tukaanza upya. Mara ya tatu Mama Pacha akagonga ukutani, "Jirani! Una mgeni?"

Nikamjibu, "Ndiyo, ninaye."

Hakuuliza zaidi. Baadaye akapitisha bakuli la mboga dirishani, akasema ni za mgeni.

Jumamosi nilikwenda kwa yule dada wa kufungasha. Anapuliza kama anayepoza uji. Nilimwambia ateme uzi, hakuelewa, hajashona maishani mwake. Jumamosi nyingine nitampelekea sindano na kitambaa, aanzie hapo. Tarumbeta lilinitazama, nikalitazama. Nilimpa kitambaa cha kulipangusia, kisha nikamnyang'anya, nikasema nitakuja nacho kila mara mwenyewe.

Kuhusu barabara yetu: watu watatazama. Waache watazame. Hapa walinitazama mimi nikibeba tarumbeta kwapani miezi yote, na leo wanauliza kwa nini silibebi. Wanachoka haraka kuliko sisi.

Na hilo shati, usiliguse. Nasema kama mama na nasema kama fundi. Nilikata kwa vipimo vya mtu ambaye hayupo, sasa ni lako, na mkono wa nguo haupimwi mezani. Unapimwa mtu akiwa amelivaa, amesimama wima, mimi nikiwa nyuma yake na pini mdomoni. Panda gari umelivaa hivyo hivyo, na koti juu. Kitanda chako nimekitandika upande wa ukuta wa cherehani.

Ukifika mlangoni usibishe hodi kwa mkono wa kushoto, utajichoma. Piga mluzi. Nitakuwa nimekwisha kugonga mguu.

Mama yako.